Mtetemo wa Usukani

Mashine ya balansi ilisoma sifuri kwa mara ya tatu, na fundi matairi akaitukana kimoyomoyo. Sifuri maana yake uzito wa tairi umelala sawa pande zote, tairi halina kosa. Kama tairi halina kosa, basi mwenye kosa ni dereva, na dereva alikuwa kaka yake.

"Nilikwambia," alisema mkuu wa usafiri wa hospitali, ambaye madereva walimwita Breki kwa kuwa hakuna jambo asilolisimamisha. "Matairi mapya, hata vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani havijaisha. Gari haina shida. Kaka yako mikono inamtetemeka, halafu anasingizia usukani."

"Kaka yangu alikuwa anapanda mlima ule wewe hujajua hata kufunga mkanda!"

"Ndiyo maana nasema amechoka. Kesho kuna mama mjamzito wa kuteremshwa kutoka kule juu. Usiponionyesha kosa la gari leo, ufunguo nampa mtu mwingine."

Gari lenyewe lilikuwa la kubebea wagonjwa, lililonyanyuka juu, lenye matairi ya meno makubwa ya kung'ata tope na mawe. Kaka aliliendesha kwa fahari. Na kaka huyo ndiye aliyemlea fundi tangu wazazi walipofariki, akamfundisha kushika spana huku majirani wakilalamika kwamba anamharibu mtoto wa kike. Leo unga wake umwagike kwa sababu ya mashine ya dada yake mwenyewe? Fundi angeuweka wapi uso wake?

Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni mwa karakana, mikono mifukoni.

"Achana nayo, mdogo wangu," alisema. "Umeshapima, inatosha."

"Hainitoshi mimi."

Ilimuudhi kumwona amenywea vile. Mtu aliyezoea kugombana hata na mvua, leo kajikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Alirudi kwenye gurudumu la mbele kushoto. Hilo lilikuwa limekula vyuma vya uzito kana kwamba lina njaa. Kila alipobandika kimoja kwenye rimu, mashine ilidai kingine. Ndipo akili ikamjia. Mashine hupima uzito tu, umbo haiulizi. Hata yai ukilibandika vyuma vya kutosha utalipatia sifuri, lakini nani atalifunga kwenye gari?

Akalifunga gurudumu mahali pake, gari likiwa juu ya jeki. Akaegemeza chaki kwenye kigoda, ncha yake ikikaribia kabisa meno ya tairi, akalizungusha taratibu kwa mkono. Chaki ikapita hewani, hewani, kisha ikakwaruza meno matano. Akazungusha tena. Yaleyale matano.

"Breki! Njoo hapa!" Kwa furaha alisahau kwamba jina hilo haliitwi mbele ya mwenyewe.

Breki akainama, akapitisha kidole juu ya alama nyeupe.

"Limetoka kiwandani na nundu," fundi alisema. "Mpira umerundikana hapa. Uzito nimeusawazisha, lakini nundu iko palepale, na kila ikizunguka inapiga barabara. Kaka hakusema uongo."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Yule bwana alikuwa ameyasifia matairi yale kwa kila mtu. Lakini hakuwa mtu mbaya. "Basi nimemkosea," alisema. "Weka lile la akiba, tukalijaribu."

Wakatoka, kaka kwenye usukani, fundi pembeni yake, Breki kiti cha nyuma. Gari likashika kasi, na usukani ukatulia tuli. Fundi akacheka kwa sauti, akageuka kumpongeza kaka yake, kisha akaacha kucheka.

Kaka alikuwa ameung'ang'ania usukani hadi mishipa imemtoka. Alipoachia mkono mmoja kubadili gia, mkono ukatetemeka hewani, ukaikosa gia, ukaitafuta, ukaikosa tena. Kona ikawa imefika. Gurudumu la kushoto likachota kokoto za ukingoni, chini yake mtaro mrefu, kisha gari likarudi barabarani kwa kuchelewa.

"Kokoto hizo zinateleza," alisema Breki, ambaye kutoka nyuma hakuwa ameona kitu. "Lakini gari imepona, safi kabisa! Mzee, kesho unapanda wewe. Nitakuomba radhi mbele ya wenzako."

Kaka alikaza macho barabarani. Fundi angeweza kunyamaza, na alitamani sana kunyamaza. Akamwaza yule mama mjamzito, amelala kwenye machela, akiteremka kona baada ya kona.

"Gari imepona," alisema. "Kaka, simamisha. Mwonyeshe mikono yako."

Gari likasimama. Kaka akazima injini, akaiweka mikono mapajani, ikaendelea kutetemeka yenyewe. Breki akainama mbele kati ya viti, akaitazama.

"Tangu lini?" fundi aliuliza.

"Kabla ya haya matairi." Kaka alitazama mbele. "Uliponifungia lile bovu, nilishukuru. Usukani unatetemeka, na mimi natetemeka nao. Nani angejua? Nikakwambia uache. Ukakataa."

Fundi akaishika mikono yote miwili, akaibana kwa nguvu zote alizonazo za kufungua nati. Bado ilitetemeka.