Fidla ya Mlango wa Bibi

Kila jioni, Sindano alipoitoa fidla kwenye mfuko wake, babu yake alichukua kigoda, akatoka mpaka mbele ya bafu, akakaa na kuuegemea mlango kwa mgongo. Humo ndani mara nyingi alikuwemo dereva wa lori, mpangaji wa chumba cha pili, maana hiyo ndiyo saa aliyorudi kazini na vumbi lake.

"Mzee, ameanza?" dereva aliuliza kutoka ndani.

"Bado anakaza nyuzi."

"Ile nyimbo ya polepole ataipiga leo?"

"Ataipiga. Usaili ni Jumamosi."

"Basi mwambie aanze na ya haraka. Nina povu mpaka masikioni."

Ile ya haraka haikuwa na matata. Ilipigwa ikaisha, na milango ikakaa kama ilivyokuwa. Shida ilikuwa ile ya polepole. Sindano akifika katikati yake, pale upinde unapokwenda taratibu kama mkono wa mtu anayepiga pasi kola, komeo la bafu lilirudi lenyewe, na mlango ukaanza kumsukuma babu mgongoni. Haukusukuma kwa nguvu. Ulisukuma kama mtoto anayetaka kupita. Babu akikaza miguu aliweza kuuchelewesha kidogo, dereva akapata kujifunga taulo. Kuuzuia kabisa hakuweza.

Huyu babu watu walimwita Babu Kitasa, kwa kuwa kazi yake tangu ujana ilikuwa milango. Kutia bawaba, kutia makomeo, kuranda chini pale panapokwaruza sakafu. Akipita mtaani hakutazama watu, alitazama milango yao, na ukimuuliza habari za fulani anakwambia, yule wa mlango uliolala upande. Sasa mtu wa namna hiyo, mke aliyempata ni yule aliyempata. Marehemu mkewe hakuwa mtu wa kuvumilia mlango uliofungwa. Akiukuta umefungwa anaufungua, anaupeleka mpaka ukutani, anasema, "Kwani mnaficha nini humu?" Kisha anakwenda zake, wala hana haja na kilichomo. Waliishi hivyo miaka na miaka, huyu anafunga, yule anafungua, na hawakugombana kwa hilo ila mara moja, na siku hiyo Babu Kitasa alikuwa chooni.

Bibi alipofariki, mlango wa chumba chake uling'olewa ukaegemezwa nyuma ya jiko. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuchoma kuni.

Fidla nayo ilikuwa ya shule, na ilikuwa imepasuka mgongo, yaani ule ubao wa nyuma. Mwalimu wa muziki alisema hiyo basi tena, labda mtu aitundike ukutani. Sindano akaizungushia shuka akaja nayo nyumbani. Mjukuu huyu alikuwa mwembamba, ndiyo maana ya jina, lakini akishikilia jambo hachomoki. Akaiweka mezani, akasema, "Babu, hii nayo si ni mlango tu, haina kitasa." Babu akaizungusha, akaigonga kwa kidole, akaenda nyuma ya jiko. Alikata kipande cha mlango wa Bibi, akakiranda mpaka kikawa chembamba kama kaki, akakipinda kwa mvuke wa sufuria, akakigandisha kwa gundi na kukibana kwa vibanio mpaka kikakauka. Mwalimu alipoijaribu alisema, "Sauti imekuwa nzito kidogo, lakini ni sauti." Kabati la vitabu lilikuwa limefunguka nyuma yake. Alilirudisha kwa kisigino, akaendelea kufundisha.

Mwanzoni ilikuwa kabati tu. Mkono wa Sindano ulipokolea, ikawa nyumba nzima, kisha ikavuka barabara. Muuza nyama wa upande wa pili alikuja na aproni yake.

"Mzee, friji yangu inafunguka. Nyama zinapata joto."

"Ni kwa muda mdogo tu, mwanangu. Mtoto ana usaili."

"Sikatai. Ila awe anamaliza kabla sijashushiwa mzigo."

Wakaelewana. Jioni moja kikafunguka pia kikabati cha mama mwenye nyumba, yule aliyekuwa akiwaambia wapangaji kwamba bomba la uani limekufa. Bomba lilikuwa humo ndani, linang'aa, na ndoo yake chini imejaa. Wapangaji wote walilitazama. Mama mwenye nyumba akaja akakifunga kikabati, na bomba la uani likaendelea kuwa limekufa.

Sasa usaili wenyewe. Okestra ya vijana ilikuwa na nafasi moja kwenye fidla. Anayeingia anafundishwa kila siku na walimu wa kweli, anapewa fidla nzima isiyo na kiraka, na akitoka humo anatoka mwanamuziki. Mwisho wa kuchukuliwa ni umri wa Sindano. Mwakani angekuwa amepitiliza, kwa hiyo ilikuwa ni hii au hakuna. Mama yake alifanya kazi kwa dobi, kufua mashuka ya mahoteli, na mikono yake ilikuwa myeupe kwenye vidole kama ya mtu aliyetoka mtoni.

"Mimi sikukatazi," mama alisema huku akikunja nguo. "Nimekushikia tu nafasi pale kazini. Usije ukakosa huku ukakosa na kule."

Usaili ulitaka nyimbo mbili, ya haraka na ya polepole. Babu Kitasa alimfuata mwalimu shuleni.

"Mwalimu, haiwezekani apige nyingine ya polepole? Hii ina mambo ya milango."

"Tumejaribu zote, mzee. Ikiwa ya polepole na akaipiga vizuri, inafungua. Akiipiga vibaya, milango inatulia."

Babu alifikiri. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo apige vizuri," mwalimu akasema.

Jumamosi mama alimpigia pasi gauni la shule, babu akavaa koti lake, wakaenda. Lilikuwa jengo zuri, la sakafu ya kung'aa. Watoto walijipanga kwenye viti vya korido na wazazi wao, kila mmoja kakumbatia fidla kama anabembeleza mtoto. Mlinzi wa jengo, mzee mwenzake na babu, alipita na lundo la funguo kiunoni. Babu akamsifia mlango wa kuingilia. Mlinzi akauliza kazi yake nini, babu akamwambia, wakazungumza kidogo habari za bawaba, wakapeana namba za simu.

Jina la Sindano lilipoitwa, babu aliruhusiwa kukaa mwishoni mwa ukumbi. Wasaili walikuwa nyuma ya pazia, wasimwone anayepiga, ili haki itendeke. Hivyo ndivyo walivyoambiwa.

Sindano alipiga ya haraka. Ilikwenda kama maji. Nyuma ya pazia mtu akakohoa, akasema, "Sasa ya polepole."

Akaweka fidla begani. Alimtazama babu yake mara moja, akafumba macho, akaanza. Babu alijua ni wapi itakapotokea, akashika ukingo wa kiti. Upinde ukafika pale pa kola. Mlango wa kuingilia ukafunguka, watoto wa korido wakaonekana. Likafunguka kabati la mafagio. Kisha ukafunguka mlango mkubwa wa ubavuni, taratibu, mpaka ukutani.

Humo chumbani ilikuwemo okestra yenyewe. Vijana wamekaa kwenye mistari yao na mashati meupe, kimya, vyombo mapajani, wanangoja usaili uishe waendelee na mazoezi. Babu Kitasa aliinama, akatafuta kile kiti kitupu kwa macho, mstari kwa mstari, kama mtu aliyeangusha ufunguo. Hakikuwepo. Kwenye kiti cha mwisho cha fidla alikaa binti wa rika la Sindano. Mgongoni mwa kiti limeandikwa jina lake kwa rangi, na chini yake kuna mto uliokwisha kubonyea.

Mlinzi akaja kuurudisha mlango. Babu akamsaidia, maana ulikuwa mzito.

"Yule wa mwisho kaingia lini?" babu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwezi uliopita. Mtoto wa mfadhili."

"Na huu usaili?"

"Usaili upo kila mwaka, mzee. Lazima uwepo."

Wakausukuma ukafungika. Sindano alikuwa hajaacha kupiga, ukafunguka tena.

"Mshiriki, simama kidogo," ilisema sauti nyuma ya pazia. Sindano akasimamisha upinde. "Hatufahamu wewe ni nani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini mlango unatusumbua. Una wimbo mwingine wa polepole usiofungua milango?"

"Ninao wowote," Sindano alisema, "nikiupiga vibaya."

Nyuma ya pazia walinong'onezana.

"Basi tupigie hivyo."

Sindano alikaa na upinde hewani. Akatazama mle chumbani, kwenye kile kiti chenye mto. Kisha akarudi mwanzo wa wimbo uleule, akaupiga wote mpaka mwisho, vizuri kuliko alivyowahi kuupiga nyumbani. Milango yote ilikuwa wazi. Upepo ukapita kati yake, ukainua pazia kidogo, vikaonekana viatu vya wasaili vimepangana. Mle chumbani yule binti wa kiti cha mwisho alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Asante," sauti ikasema. "Umepiga vizuri sana. Tutakujulisha."

Njiani walitembea bila haraka. Sindano alibeba fidla mwenyewe.

"Umeuona ule mto, babu?"

"Nimeuona."

"Umebonyea."

"Umebonyea, mjukuu wangu."



Walikaa, wakangoja. Siku simu ya babu ilipolia, Sindano alitoka mbio uani na sabuni mikononi. Aliyepiga alikuwa mlinzi wa lile jengo.

"Mzee, wamesema ule mlango unataka kitasa cha maana. Nikawaambia namfahamu fundi."

"Na habari za mtoto?"

"Hizo sijaambiwa. Nimeambiwa za mlango."

Babu alifunika simu kwa kiganja, akamtazama mjukuu wake. Alikuwa tayari kukataa, na maneno ya kukataa alikuwa nayo, mengine mabaya. Sindano alifuta mikono kwenye gauni.

"Nenda," alisema.

"Nikawafungie mlango?"

"Ukaweke kitasa kizuri kuliko vyote unavyovijua. Usiweke kibovu, halafu waseme ni kitasa."

Basi akaenda. Alichimba ubao kwa patasi, akatia kitasa cha chuma chenye ndimi mbili, akaongeza komeo juu na jingine chini. Kazi aliifanya kwa moyo mmoja, hakulipua. Vijana walikuwa wanaingia mazoezini. Yule binti wa kiti cha mwisho alisimama karibu yake, fidla mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule aliyepiga siku ile, anaanza lini?"

Babu Kitasa aliinama kwenye mfuko wa vifaa, akatafuta sana bisibisi, nayo alikuwa ameishika. Binti akangoja, kisha akaitwa ndani.

Jumatatu Sindano alianza kazi kwa dobi pamoja na mama yake. Jioni alirudi, akakausha vidole, akaitoa fidla. Babu akabeba kigoda chake. Ya haraka ikapita. Ya polepole ikafika pale pake, mlango wa bafu ukamsukuma babu mgongoni, muuza nyama akaonekana ng'ambo ameegemea friji yake. Simu ikalia.

"Mzee, umefunguka," mlinzi alisema.

"Kitasa kimevunjika?"

"Kizima kabisa. Kimejizungusha chenyewe, na makomeo yote mawili."

"Basi funga."

"Nimefunga."

Babu akamwambia Sindano. Sindano akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kufuta nyuzi kwa kitambaa.

Siku hizi mlinzi hapigi tena simu. Jioni ikifika anasogeza kiti chake karibu na ule mlango, anangoja. Unafunguka mpaka ukutani, vijana wa okestra wanashusha pinde zao kidogo, na yule wa mwisho ameukalia mto wake. Wimbo ukiisha mlinzi anainuka, anaufunga, anazungusha ufunguo.

Huku nyumbani dereva wa lori anaita kutoka bafuni.

"Mzee, amemaliza?"

"Amemaliza."

"Basi nisukumie mlango, baridi inaingia."

Babu Kitasa anausukuma, anasikia komeo likirudi mahali pake, anachukua kigoda chake.