Migongo ya Wanaume wa Manga

Onsongo hakukubali chai. Hapo Nyanchama akajua kuna jambo, kwa sababu tangu dada yake Mokeira aolewe katika mji wa mzee Mogire, huko Manga, kijana yule hakuwahi kukataa chai, wala ndizi za kuchemsha, wala maziwa mgando. Siku hiyo alisimama mlangoni na kofia mkononi, fundi cherehani wa mjini Kisii, suruali imepigwa pasi ikasimama yenyewe, akasema amekuja kuuliza ni siku gani amchukue Esnah.

Esnah alikuwa mtoto wa pekee wa Mokeira. Mama yake alifariki kwa majeraha ya moto mwaka wa sitini na tisa, na baba yake, Manasseh, alikuwa kibarua wa majani chai upande wa Kericho, akija nyumbani mara mojamoja. Kwa hiyo mtoto alilelewa na nyanya yake mzaa baba, Nyanchama, mke wa mzee Mogire, na usiku alilala mgongoni kwake kama kinda.

Nyanchama aliuliza kwa upole mtoto amekosa nini pale.

"Hajakosa kitu," Onsongo akasema. "Lakini hawezi kukaa na watu waliompa mama yake mgongo akiungua. Nimeona kwa macho yangu, mama. Pale uwanjani Nyamira, kwenye sinema. Wanaume wamesimama, wakageuka, wakaenda zao. Na baba mkwe wake mbele yao."

Mzee Mogire alikuwa ameketi nje ukutani, anasikia kila neno. Aliinuka polepole akaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Onsongo akamtazama akienda, na usoni mwake ikaonekana wazi kwamba amekwisha kuhukumu: mtu asiye na hatia angejitetea.

Nyanchama alitaka kulia kwa hasira. Kilichomfunga mzee mdomo alikijua, na kijana huyu, Mgusii mzaliwa, alipaswa kukijua pia.

Moto ule ulianza hivi. Msimu ule mvua haikukatika, na maua ya pareto hayakauki nje bila jua. Yakikaa mabichi usiku mmoja yanageuka rangi na kutupwa. Kwa hiyo watu wa Manga walikuwa na nyumba ya kukaushia, ya udongo na paa la nyasi, ndani kuna vichanja vya waya na chini yake jiko la kuni. Bibi Bonareri ndiye aliyekuwa akiyageuza maua. Siku hiyo cheche ikapanda, nyasi za paa kwa ndani zilikuwa kavu kama karatasi, na bibi akazidiwa na moshi akaanguka humohumo.

Yowe lilipigwa mara moja tu, la kuita watu. Baada ya hapo hapakuwa na kelele, na hilo Nyanchama angeweza kuapa kanisani. Wanawake wa pale walikuwa na chama chao cha kulimiana, egesangio, leo shamba la huyu, kesho la yule, na miaka yote walizoea kusimama kwa mstari, kila mtu na sehemu yake. Moto ulipowaka, miguu yenyewe ilijua. Walijipanga kutoka kijitoni hadi mlangoni, madebe na sufuria na vibuyu vikapita mkono kwa mkono. Kemuma, mkubwa wao, alikuwa akisema tu, "Lete. Lete. Lete," kwa sauti ileile ya palizi. Pumzi ya kupiga mayowe nani angekuwa nayo? Wanaume walikuwa juu ya paa wakichomoa nyasi kwa mapanga, mpaka paa likaanza kulegea wakashuka.

Mokeira ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Alijimwagia debe zima, akainama chini ya moshi, akaingia. Alimvuta Bibi Bonareri kwa miguu mpaka kizingitini, na wenzake wakampokea. Yeye mwenyewe alikuwa bado ndani nusu mwili paa lilipomshukia. Wakamvuta. Lakini nguo yake ilikuwa imeungua yote, na kilichobaki kilikuwa kikianguka vipandevipande.

Mbele yake walikuwa wanaume: baba mkwe wake Mogire, na ndugu zake Mogire, ambao wote kwake ni baba wakwe. Sasa Mgusii gani haijui chinsoni? Baba mkwe haingii nyumbani kwa mkaza mwana wake, hamgusi, na kumwona bila nguo ni jambo ambalo kinywa hakilitamki. Wanaume wale wakageuka wote mara moja, wakasimama bega kwa bega, wakawa ukuta. Watu wengine wasipite, macho mengine yasifike. Na hawakusimama bure. Walivua makoti wakayatupa nyuma bila kuangalia. Debe likifika waliipeleka mikono nyuma, wanawake wakalipokea. Hivyo ndivyo Mokeira alivyofunikwa, akapozwa kwa maji, akabebwa kwa machela kwenda hospitali akiwa na heshima yake. Alipofariki, alifariki akiwa nayo.

Kisha, baada ya miezi, likaja gari la sinema kutoka Nairobi.

Mkubwa wao alikuwa kijana mnene mwenye miwani myeusi, wanawake wakambatiza jina la Bwana Picha. Alisema wanatengeneza sinema ya kufundisha watu hatari ya moto, na kwa vile moto wa Manga umesikika, wataichezea hapohapo. Mkalimani wake alikuwa Walter, mtoto wa Nyamira kabisa, karani mwenye kalamu mfukoni. Kemuma na wenzake walijipanga kwa furaha na madebe yao kumwonyesha. Bwana Picha aliwatazama kidogo akatikisa kichwa. Kupitia kwa Walter akawaambia hiyo si picha. Watu wenye hofu hawasimami kwa mstari kama watoto wa shule. Yeye ameona sinema nyingi, anajua watu hufanyaje: hukimbia huku na huku, hushika vichwa, hukanyagana, husahau watoto, mpaka atokee mtu mwenye akili awapange. Huyo mwenye akili alikuwa amekuja naye, amevaa kaki, na filimbi shingoni.

Nyanchama alimwambia Walter amweleze kwamba haikuwa hivyo. Akaambiwa mama, ni mchezo tu. Akakataa kukimbia, akapelekwa kukaa kando ya gari. Wenzake wakakimbia. Kukimbia kwenyewe kulikuwa kichekesho: Kemuma, mama wa miaka yake, anashika kichwa na kugongana na mwenzake makusudi, wote wakicheka mpaka machozi yanatoka, midomo wazi hadi koromeo.

Ile midomo ndiyo waliyoiiba. Sinema ilipokuja Nyamira mwaka uliofuata, kicheko kilikuwa kimeondolewa na mayowe yamewekwa mahali pake, mayowe ya watu wasiojulikana wa wapi. Kemuma alijiona kwenye shuka jeupe amekuwa mwehu. Mwanamke wa kuigiza Mokeira hakuingia motoni kuvuta mtu, aliingia kuokoa gunia lake la pareto. Na kijana mmoja wa sokoni, aliyevishwa kofia kama ya Mogire, alitazama moto, akageuka, na wenzake wakageuka, wakaondoka. Tangu siku hiyo Mogire akienda sokoni anaitwa Mzee Mgongo. Akaacha kwenda.

Haya yote Nyanchama angeweza kumwaga mbele ya Onsongo palepale mlangoni. Lakini fundi huyu alikuwa amesema neno zito, kwamba ameona kwa macho yake, na aliyeona kwa macho humtoi kwa maneno ya jikoni. Akamwambia sinema itaonyeshwa tena Sironga siku ya Jumatano.

"Njoo tuitazame pamoja. Ukiimaliza na bado unamtaka mtoto, mimi mwenyewe nitamfungia nguo zake."

Onsongo akakubali.

Mzee Mogire aliposikia, alikataa. Jambo lile halisemwi, alisema, na mbele ya watu ndiyo kabisa. Nyanchama akamjibu kwamba ni kweli, yeye mwanamume hawezi kulisema. Lakini yeye Nyanchama, mama mkwe, alimwosha Mokeira kwa mikono yake. Basi kuna kitu gani hapo cha kumzuia mwanamke kusema? Mzee akauliza kama shuka lake la kwenda safari limekauka, mkewe ajifunike nalo, kule Sironga kuna baridi. Nyanchama akalichukua.

Jumatano alifika Sironga jua lingali juu, akamkuta Walter akifunga shuka la sinema kwenye nguzo. Walter alimsalimu vizuri, akamwita Magokoro, nyanya, kama kijana aliyelelewa.

"Umeoa?" Nyanchama akamuuliza.

"Nimeoa, Magokoro."

"Baba yako huingia nyumbani kwako?"

Walter akacheka. "Ataingiaje?"

"Na akimkuta mke wako anaoga mtoni?"

"Atageuka," Walter akasema, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Kumbe unajua. Mimi nilidhani umesahau huko ofisini."

Kijana alizungusha kamba mkononi akiangalia chini. Mwishowe akasema Bwana Picha alimwuliza siku ile kwa nini wanaume waligeuka. Yeye angesemaje? Angemtajia bosi mke wa watu akiwa uchi, mbele ya wazee walewale wamesimama? Aliona haya. Akasema waliogopa.

"Uliona haya kidogo tu," Nyanchama akamwambia, "na mzee wangu amekuwa akiibeba haya yako mgongoni mwaka mzima. Sasa wanataka kunichukulia na mtoto."

Walter akajitetea kwamba maneno yameandikwa Nairobi, yeye ni wa kusoma tu kwa Kigusii, akibadilisha atafukuzwa kazi. Nyanchama hakubishana. Alitandika shuka la mzee kwenye nyasi, mbele kabisa, akaketi.

Giza liliingia, uwanja ukajaa. Onsongo alikuja akasimama nyuma na watu wa mjini. Picha ikaanza, na watu wa Sironga wakafurahi, maana sinema haikuja kila siku. Kemuma alipogongana na mwenzake walicheka. Mwenye filimbi alipotokea wakapiga makofi. Ndipo yule wa kofia akajitokeza, akautazama moto, akageuka. Mtu akasema gizani, "Huyo ndiye Mzee Mgongo," na kicheko kikapita uwanjani. Walter alikuwa anasoma. Akasema, "Na wanaume, kwa hofu..." akasita. Akarudia, "Na wanaume..." akanyamaza kabisa.

Nyanchama akainuka, akaingia kwenye mwanga. Moto ukawaka kifuani mwake na kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Magokoro, keti, wewe si kioo," kijana mmoja akapaza sauti, wengine wakaangua kicheko. Mwingine akauliza kama naye anaenda kuokoa gunia.

Alianza kuongea, lakini mayowe ya sinema yalimfunika. Ndipo Walter akaiacha karatasi yake, akavuta waya wa kipaza sauti mpaka aliposimama, akamshikia mdomoni.

"Mnayemcheka ni mkaza mwana wangu," Nyanchama akasema. "Hakufuata gunia. Alimfuata Bibi Bonareri, na Bonareri yuko hai, nendeni Manga mkamwone. Hao wanaume mnawaona wakiondoka, hawakuondoka. Nguo yake ilikuwa imekwisha kuungua. Mbele yake walikuwa baba zake wakwe. Nyinyi mna baba. Niambieni mlitaka wamtazame?"

Nyuma yake mayowe ya watu wasiojulikana yaliendelea.

"Walisimama wakawa ukuta. Walitupa makoti nyuma. Sisi tukamfunika. Na hakuna aliyepiga kelele kama hizo mnazosikia, tulikuwa na kazi. Aliyetengeneza picha hii hakuwahi kuona watu kwenye hatari. Ameona sinema tu."

Kisha sauti ya Onsongo ikatoka nyuma, ya chini, lakini ilisikika.

"Koti moja nilipewa hospitalini na vitu vyake. La kahawia, mkono umeungua. Lilikuwa la nani?"

"La baba mkwe wake. Hana lingine mpaka leo."

Watu walipotawanyika Onsongo alimfuata Nyanchama, akasimama kando yake akikunja ukingo wa kofia. Alisema Esnah abaki. Akasema pia anaomba kupita Jumapili kumsalimu mzee, na kama inafaa angependa kumpima mabega, amshonee koti. Nyanchama akamwambia aje mapema, mzee hulala mchana.

Ingekuwa mtu mwingine, angerudi nyumbani na furaha yake. Mtoto amebaki, mzee amesafishwa jina mbele ya Sironga nzima. Lakini Nyanchama alisimama akitazama vijana wakilikunja shuka, na yale mabati ya duara yenye picha yakirudishwa kwenye sanduku. Humo ndani Mokeira alikuwa bado anakimbilia gunia. Kemuma bado ni mwehu. Hasira yake, ambayo alidhani imeishia kwenye kipaza sauti, ikaanza upya.

Akamwuliza Walter kesho wanaenda wapi. Walter akasema Keroka. Na keshokutwa? Mbele zaidi, kwa wiki kadhaa.

"Na ukifika pale wanapogeuka, utasemaje?"

Walter alifikiri. "Nitajaribu, Magokoro," akasema.

Nyanchama alilikunja shuka la mzee kwapani, akamtuma Onsongo apeleke habari nyumbani kwamba Esnah alale kwa Kemuma. Kisha akaenda upande wa mbele wa gari, akafungua mlango, akapanda. Dereva akamwambia kwa heshima kwamba gari hili halibebi abiria.

"Mimi si abiria," Nyanchama akasema. "Mimi ni maneno ya ile picha. Sogea."

Dereva akamwangalia Walter. Walter akaliondoa sanduku kwenye kiti, akaliweka chini ya miguu yake, akajibana katikati ili mama apate nafasi ya kukaa.