Lafudhi Huachwa Mlangoni

Saa moja na nusu asubuhi wapokea simu wa shirika la maji walikuwa foleni mbele ya dirisha la mtunza lafudhi, kama kila siku ya kazi. Aliyefika dirishani alisalimia, akakohoa kidogo, akaitoa lafudhi yake na kuiweka kwenye kopo la bati. Mtunza, mzee wa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, alilifunika kopo, akaliweka rafuni, akampa mtu wake kibati chenye namba ileile iliyo kwenye kifuniko. Mchana mtu anafanya kazi bila lafudhi, jioni anarudisha kibati, anapewa yake, anakwenda nyumbani.

Ndiyo ilikuwa kanuni. Shirika lilitaka mteja akipiga simu asikie sauti isiyotoka popote, safi kama sakafu iliyopigwa deki. Lafudhi za watu wa chini, wanaokaa karibu na ofisi, zilikuwa nyepesi na zilitulia mara moja. Za watu wa juu, kule kwenye miinuko nyuma ya mji, zilikuwa nzito. Zilivuta kila neno mwishoni na kukwaruza kwenye r, na jua likipanda ziligongagonga vifuniko. Mtunza alizipapasa na kuzibembeleza, "Haya, haya, jioni si mbali," nazo zilinyamaza.

Mmoja wa watu wa juu aliitwa Meza ya Tisa. Jina lake alikuwa nalo, lakini tangu apewe meza hiyo miaka mitatu nyuma hakuna aliyelitumia. Kwenye meza kulikuwa na simu na vitufe viwili. Cha kijani kilituma fundi. Cha kijivu kilipeleka malalamiko yakasubiri, na mtu akikibonyeza alitakiwa kusema, "Tumepokea malalamiko yako, mteja wetu." Hakuna karatasi iliyosema kitufe gani ni cha nani. Mgeni alikaa wiki moja karibu na wenyeji, akatazama vidole vyao, akajua. Sauti nyepesi ikiingia, kidole kinakwenda kwenye kijani. Sauti nzito ikiingia, kijivu. Meza ya Tisa alijifunza kwa siku nne, akasifiwa.

Sasa nyumbani kwao, alikoishi na mama yake, bomba lilikuwa kavu wiki ya saba. Mama alikuwa na nyonga mbovu. Kila asubuhi alibeba ndoo kutoka bomba la karakana ya pikipiki, akipumzika njiani mara tatu, na jioni Meza ya Tisa alimkuta amekaa kitako mlangoni, mguu ameunyoosha, anajifanya anachambua mboga. Roho ilimuuma, jamani. Alikuwa amekwisha kupiga simu shirikani mara kumi na moja, jioni, kwa simu yake na kwa lafudhi yake. Mara kumi na moja alijibiwa sentensi ambayo yeye mwenyewe huisema mara arobaini kwa siku.

Ijumaa ni siku ya kuosha vifuniko. Mtunza aliviosha, akavianika dirishani, kisha akaitwa kusaini barua. Aliporudi alivaa miwani isiyo ya kusomea, akavirudisha, viwili vikaingia kwenye makopo yasiyo yao. Ndivyo Meza ya Tisa alivyoondoka na lafudhi ya mwenzake wa watu wa chini, dada waliyemwita Mchumba kwa sababu posa yake ilikuwa na umri wa miaka minne.

Aligundua dukani. Aliomba sabuni, na muuza duka akainuka, akamfutia kiti vumbi.

"Karibu, madamu. Ya kunukia au ya kawaida?"

"Ya kawaida. Ni mimi, kaka. Si unanijua?"

"Nakujua," alisema muuza duka, lakini kiti alikiacha palepale.

Nyumbani mama alimsikiliza kwa makini, kichwa upande, kama anayeonja chumvi.

"Sema maji," aliagiza.

"Maji."

"Sema tena. Ehee! Tazama linavyoteleza. Haya, sema kuku. Sema barabara." Alicheka mpaka akashika nyonga. "Mwanangu, umekuwa mtu wa redio! Hebu wapigie hao wa maji na hiyo sauti, nasi tuone."

Meza ya Tisa akapiga. Zamu ya usiku ilikuwa imeshaingia kazini. Aliyepokea hakumwacha amalize.

"Poleni sana, dada. Wiki saba? Mafundi watafika asubuhi."

Walifika saa mbili kasorobo. Walichimba, wakaunganisha bomba la nyumba moja tu, ile iliyoandikwa kwenye karatasi yao, wakafukia. Maji yalitoka kwa kukohoa, mekundu, kisha meupe. Mama aliweka mkono chini ya bomba na hakuutoa kwa muda mrefu.

Majirani hawakuuliza imekuwaje. Waliuliza zamu. Jumamosi mchana na Jumapili kutwa walipanga viti uani, na Meza ya Tisa akawapigia simu mmoja mmoja, akitaja namba ya nyumba na jina la mwenyewe. Kila mara jibu lilikuwa lilelile, poleni sana. Mwanamke wa nyumba ya kona aliomba asikilize kwa sikio lake. Alibandika sikio kwenye simu, akasikia, akairudisha polepole.

"Kumbe wanajua kusema pole," alisema.

Jumapili jioni nyumba sita zilikuwa na maji. Zilibaki ishirini na mbili.

Jumatatu, dirishani, Mchumba alikuwa anangoja, shavu la kushoto limevimba. Jino lilikuwa limemshika Jumamosi. Alipiga simu kliniki ya meno ambayo humhudumia siku zote, wakamwambia wamepokea, angoje. Akapiga tena, wakamwambia angoje.

"Niliwaambia mimi ndiye yule yule," alisema. "Nikawatajia mpaka jina la daktari. Wapi!" Alimtazama Meza ya Tisa, akainamisha macho. "Wewe unaishi hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Basi pole." Kisha akaomba lafudhi yake, kwa adabu, maana jino lilikuwa linauma.

Mtunza aliomba radhi kwa wote wawili, akaandika kwenye daftari lake: vifuniko vimebadilishana, hakuna kilichopotea. Wiki hiyo kila kopo liliwekewa kufuli dogo. Mchumba alisema angemwazima mwenzake yake kila mwisho wa wiki, kwa moyo mweupe, lakini lafudhi haimtoki mtu mpaka awe mbele ya lile dirisha, na makopo sasa yalikuwa na kufuli.

Meza ya Tisa alikaa mezani. Simu ya tatu asubuhi hiyo ilikuwa ya mwanamke wa juu, sauti nzito, wiki tisa bila maji. Akabonyeza kijani. Keshoye akambonyezea kijani mzee mmoja wa hukohuko. Msimamizi alikuja na kiti chake, akaketi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuvuta kiti.

"Kuna bomba lililopasuka?"

"Hapana. Hakuna maji tu."

"Basi si dharura."

"Wa chini wakikosa maji nusu siku huwa dharura."

Msimamizi alilifikiria jambo hilo, kwa haki kabisa, akikuna kidevu. "Hakuna aliyepanga hivyo," alisema. "Ukimtafuta aliyepanga humpati. Nilimtafuta mimi." Kisha akamweleza kwamba kijani cha tatu bila dharura, meza inapewa mtu mwingine. Alikirudisha kiti chake mahali pake.

Meza ya Tisa alijua mshahara wa meza ile ndio unaonunua unga na dawa ya nyonga. Kwa wiki tatu alibonyeza kijivu kwa kila sauti nzito.

Wiki ya nne bomba la nyumbani likakauka tena. Asubuhi alipoondoka, mama alimwambia asijali. Saa nne simu ya meza ikaita.

"Haloo, habari ya kazi?" Sauti ilikuwa nzito, ikivuta kila neno mwishoni. "Samahani kukusumbua, mwanangu. Ni yale maji."

Meza ya Tisa alikuwa na maneno tele kinywani na hakuna hata moja lililokuwa na kwao. Alisema, "Karibu, mteja wetu," na kwenye waya ilisikika sauti isiyotoka popote. Mama hakuitambua. Alieleza kila kitu kwa utaratibu: bomba, ndoo, karakana, mguu. Hakulalamika. Alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Kidole kilikaa juu ya kijani. Msimamizi, meza mbili nyuma, aliinua kichwa. Kidole kikahama.

"Tumepokea malalamiko yako, mteja wetu."

"Asante. Asante sana. Nina binti yangu anafanya kazi humo humo. Ukimwona, mwambie mama yake amepiga, lakini asije akaacha kazi yake kwa ajili yangu. Utamwambia?"

"Nitamwambia," alisema Meza ya Tisa, "mteja wetu."