Binti Asiyeacha Alama Sakafuni

Kila asubuhi saa tatu kasorobo Lamara alichukua kopo la kumwagilia maua akainyunyizia maji sakafu ya chumba cha pili, katika chuo cha ngoma mjini Kutaisi. Mbao zikiwa kavu huteleza, na mchezaji akiteleza kifundo kimekwenda. Alianzia dirishani, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akajipiga ishara ya msalaba, ndipo akawafungulia wanafunzi. Hivyo ndivyo alivyofanya tangu mumewe alipofariki, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Wasichana walikuwa kumi na wawili. Somo likiisha, Lamara aliingia na dekio akakuta nyayo za maji za wasichana kumi na mmoja. Wa kumi na mbili, Tsiala, binti wa mwoka mikate, hakuacha alama. Alikuwa akielea, upana wa kidole hivi juu ya sakafu. Jambo hilo lilimwanzia mwaka wake wa pili chuoni, baada ya Kwaresima. Lamara alishukuru, maana upande ule haukuhitaji kudekiwa.

Mwalimu Nargiza alikuwa na amri moja tu. Katika ngoma ya wawili, gauni la mwanamke linafika chini, na mtazamaji asijue kama ana miguu.

"Mnatembea kama mnaenda kununua viazi!" aliwafokea. "Mtazameni Tsiala."

"Mwalimu, Tsiala anadanganya," alisema Maguli, mwanafunzi mwenzake. "Hakanyagi chini."

"Na wewe nani kakukataza?"

Kila Juni kundi la ngoma la taifa lilichukua msichana mmoja kutoka chuoni, mmoja tu. Tsiala aliisubiri nafasi hiyo miaka minne. Jumatano moja, siku ya mfungo, alikaa ngazini na Lamara wakila mkate wa maharage.

"Mama Lamara, mwezi wa saba niko Tbilisi, kwenye kundi la taifa. Nitakuletea kitambaa kipya cha kujifunika kanisani."

"Faulu kwanza, mwanangu."

"Nitafaulu."

Alisema hivyo kama baba yake alivyosema kila alfajiri kwamba unga utaumuka.

Siku ya mtihani walikaa mezani watu watatu: mkuu wa chuo na wageni wawili kutoka kundi la taifa. Lamara alisimama mlangoni na kopo lake, kwa sababu sakafu ilitakiwa kunyunyiziwa kila baada ya wawili kucheza. Tsiala aliingia na Gocha, mvulana aliyecheza naye. Mpiga ngoma akaanza. Gocha akamzunguka, mikono wazi, bila kumgusa hata upindo wa gauni, kama inavyotakiwa. Tsiala akapanda. Kwanza kidole, kisha shubiri, kisha akawa hewani, juu kuliko meza ya watahini, gauni limetulia kama pazia siku isiyo na upepo. Gocha aliendelea kuzunguka chini, shingo ameinua.

Kutoka kule juu Tsiala aliiona karatasi iliyokuwa mbele ya mkuu. Ilikuwa na jina la Maguli na sahihi tatu, wino umeshakauka. Maguli alikuwa bado nje, anafunga nywele.

Tsiala aliicheza ngoma mpaka mwisho, hakuruka hata pigo moja.

"Miguu yako iko wapi?" aliuliza mgeni mmoja.

"Tumefundishwa isionekane."

"Sisi tunapima hatua. Hakuna hatua hapa. Sifuri."

"Jina mlishaliandika kabla sijaingia," alisema Tsiala, bado yuko juu.

"Ndiyo," alisema mkuu. "Maguli ni mtoto wangu wa ubatizo. Mikono hii ndiyo iliyomtoa majini. Ulitaka nifanyeje? Shuka sasa, mwenzako anangoja zamu."

"Baba mkuu," alisema Lamara mlangoni, "hata Mungu anakuangalia."

"Mwagilia, Mama Lamara."

Lamara akamwagilia. Maguli akacheza, akaacha nyayo safi zilizohesabika, akapata nafasi.

Jumapili, baada ya ibada, Lamara alimsindikiza Tsiala stesheni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa tope tupu. Lamara alifika viatu vimezama. Vya Tsiala vilikuwa kama vimetoka dukani.

"Unakwenda kwa nani huko Tbilisi?"

"Kwenye majukwaa, Mama. Yako mengi. Nitabisha hodi moja moja."

Hakuwa amelia. Alipanda garimoshi bila kukanyaga kidato cha ngazi.

Septemba waliingia wasichana wapya kumi na wawili. Kitambaa alichoahidi Tsiala kilifika kwa posta, cheupe, chenye lesi. Asubuhi ile ile Lamara alifuta vumbi mezani kwa mkuu, akaona karatasi ya Juni ijayo ina jina tayari, la mtoto mwingine wa ubatizo. Akaifuta vumbi, akairudisha palepale.

Somo lilipoisha akaenda kudeki chumba cha pili. Nyayo za msichana mmoja kati ya wale wapya zilitoka mlangoni, zikafika katikati ya sakafu, zikaishia hapo. Lamara akajipiga ishara ya msalaba, akadeki zile zilizokuwepo.