Picha za Zamani Acheni Nyumbani

Binti yangu, fundi cherehani, alianza kunusa nguo zikiungua wakati pasi yake imepoa tangu jana. Mara mkono wa kulia ukawa unarukaruka wenyewe kama kuku aliyechinjwa. Tukaenda kupiga picha ya kichwa. Tukaambiwa ni kiharusi kidogo, ameze vidonge.

Akameza wiki tisa. Akaanza kusahau majina ya vitambaa. Tukapiga picha nyingine, tukarudi kwa daktari.

Pale mapokezi wamebandika karatasi: PICHA ZA ZAMANI ACHENI NYUMBANI. Eti zinajaza kabati. Mimi niliishia darasa la saba. Kusoma najua, kutii ndiko kulikonishinda. Ile ya kwanza nikaiviringisha ndani ya gauni, nikaingia wima kama askari wa gwaride.

Daktari, kijana wa viatu vya kung'aa, akabandika picha mpya kwenye kioo chenye taa.

"Ni kile kiharusi, bibi. Mrudi baada ya miezi mitatu."

"Kiharusi kinanenepa, daktari?"

"Nani kasema kimenenepa?"

Nikaingiza mkono kifuani, nikachomoa. Mwanangu akafunika uso.

"Mama, jamani!"

"Nyamaza. Ulinyonya humuhumu, leo unaona haya?"

"Bibi, utaratibu wa hapa..."

"Utaratibu ukalale. Bandika!"

Akabandika, nadhani ili nitoke. Zikakaa bega kwa bega. Ya kwanza ina kaukungu tu, kama punje ya dengu. Ya pili ina dude la ukubwa wa ndimu, pete nyeupe pembeni, katikati peusi. Hata mbuzi angeona.

Kijana akachukua rula. Akapima, akapima tena.

"Kiharusi hakikui hivi," akasema polepole. "Huu ni uvimbe. Tena una haraka."

"Na wewe, una haraka?"

Wiki tisa mwanangu kameza dawa za ugonjwa wa watu wengine, na nusura tuongezewe miezi mitatu, kisa kabati!

Daktari akapiga simu kwa mpasuaji wa vichwa. Kikapatikana kitanda cha kesho kutwa.

"Samahani, bibi."

"Mwombe yeye. Kichwa ni chake."

Akamgeukia. Mwanangu hakutaka samahani.

"Nitashona tena?"

"Sijui, dada," akasema, macho chini. "Ila mngerudi baada ya miezi mitatu, ningekuwa najua."