Jina Lililoendelea Kuuza

Chumba cha kushonea kilikuwa na dirisha moja, na jua la asubuhi lilipoingia, nyuzi za sufi zilielea hewani taratibu, kama zinazotafuta pa kutua. Humo ndimo dada wawili walimoshona mito. Mkubwa walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Mdogo walimwita Kimya. Chiriku ndiye aliyefungua duka kwenye soko la mtandaoni, akaweka picha yake anacheka, akawa anataniana na wateja mpaka wananunua mito wasiyoihitaji. Kimya alikata, akashona, akatia zipu.

Chiriku akaugua, na haikuchukua muda akafariki.

Msiba ulikuwa haujapoa simu ya marehemu ilipotoa tangazo la duka kwa sauti ya kike: "Hongera, Chiriku! Umeuza." Mama yao, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, aliinua kichwa akatabasamu. Kimya alikosa moyo wa kuifunga ile simu. Akaujaza mto ulioagizwa, akaufunga, akautuma.

Akaendelea hivyo. Malipo yaliingia kwenye laini ya marehemu, na namba ya siri aliijua. Wateja walipoandika "Dada Chiriku", aliwajibu kwa mizaha ya dada yake. Maneno yalimjia yenyewe, kama mtu anayeota huku yu macho. Kuna nyakati aliinua uso kutoka kwenye cherehani akahisi kwamba yeye ndiye aliyeondoka, na dada ndiye aliyebaki chumbani.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka sokoni. Sheria mpya ilikuwa imelitaka soko kuipelekea ofisi ya kodi taarifa za kila muuzaji: jina lake, makazi yake, namba yake ya mlipakodi, na alichouza mwaka mzima. Kwa hiyo kila mwenye duka athibitishe kuwa ni yeye. Asiyethibitisha, malipo yake yatazuiwa.

Shemeji yake, mume wa marehemu, alipopita kuwasalimia, Kimya alimwonyesha ujumbe huo.

"Jaza taarifa za mwenzangu tu," shemeji alisema, macho yakiwa sakafuni. "Namba yake si ipo? Nani atajua?"

"Na wakimwita?"

Shemeji alishika foronya moja, akaikunja, akaikunjua, akaaga.

Usiku huo Kimya aliota dada yake amekaa kwenye benchi la ofisi fulani nyeupe, sufi imemjaa nywelini, anasubiri aitwe. Hakuwa anaongea. Hilo ndilo lililomtisha.

Asubuhi alipiga simu sokoni. Aliyepokea alikuwa mhakiki wa wauzaji, mwanamke mwenye sauti ya mafua.

"Nataka kuthibitisha duka," Kimya alisema, "lakini mwenyewe hayupo."

"Amesafiri?"

"Amefariki."

"Pole sana, dada. Sasa anayeuza ni nani?"

"Mimi nashona tu."

"Unashona, unafunga, unatuma, unajibu wateja?"

"Ndiyo."

"Basi muuzaji ni wewe. Sikiliza, sisi hatutozi kodi, tunataja tu nani kauza nini. Nikimtaja marehemu, ofisi ya kodi itamtafuta yeye. Na wewe uliyefanya kazi yote hutakuwa popote."

Hutakuwa popote. Kimya alikaa na neno hilo mpaka jua likahama dirishani. Kisha akavaa, akachukua cheti cha kifo, akaenda ofisi ya kodi kueleza mauzo yote aliyoyafanya kwa jina lisilo lake. Karani alimsikiliza, akaguna, akamuuliza mara mbili kama ni kweli amekuja kwa hiari yake. Alipigiwa hesabu, akapangiwa kulipa kidogo kidogo. Alitoka amechoka, lakini miguu yake ilikuwa myepesi, kama anatembea juu ya kitu laini.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: mama.

"Mama, lile duka la dada linafungwa. Nafungua langu. Simu haitamtaja tena."

Mama aliendelea kupepeta sufi, mbegu zikidondoka kwenye sinia. "Ulidhani nimechanganyikiwa?"

"Ulikuwa unatabasamu..."

"Nilikuwa nafurahi kwamba umeuza, mwanangu. Chiriku katika maisha yake hakuwahi kutia zipu ikanyooka." Akacheka, machozi yakamtoka, Kimya naye akacheka, wakawa wanafutana nyuso kwa foronya mpya ya mteja hadi ikabidi ifuliwe.

Duka jipya lilianza bila hata nyota moja ya sifa kutoka kwa wateja. Kwa wateja wa zamani Kimya aliandika ukweli kwa ufupi: dada alifariki, nisameheni, nilikuwa najibu kwa jina lake. Wengine walikasirika. Mmoja akauliza, "Mito je, ni ileile?"

"Mikono ni ileile," alijibu.

Mteja huyo akaagiza miwili, kisha akauliza kama rangi ya bluu ingependeza sebuleni kwake. Kimya alikuwa amezoea kulijibu swali kama hilo kwa utani mrefu wa dada yake. Vidole vilisimama juu ya simu, sufi ikipita mbele ya macho yake, ikitua begani. Akaandika: "Sijui. Nitumie picha ya sebule yako, niitazame."