Sekunde Kumi na Tatu kwa Ndoo

Kozi yangu ina jina refu kuliko foleni ya maji: Uhandisi wa Uzalishaji Viwandani na Teknolojia ya Habari za Biashara. Shangazi hakuwahi kulimaliza. Majirani wakimuuliza alijibu, "Anasomea mashine na kompyuta kwa pamoja. Kama mwanamke mwenye waume wawili, hapumziki."

Shangazi ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki, na ndiye aliyeniombea nafasi ya kufanyia mradi wangu kiwandani kwao. Wanatengeneza ndoo za plastiki. Ndoo inatoka kwenye mashine ikiwa ya moto, inapoa juu ya mkanda, inafika kwenye meza ya vishikio. Hapo shangazi amekaa miaka kumi na tisa. Anakwangua mabaki ya plastiki ukingoni kwa kisu kifupi, anaisukuma ncha moja ya waya kwenye tundu kwa kidole gumba, kisha ncha ya pili, anaipachika ndoo juu ya mwenzake. Inayofuata.

Nilitakiwa nipime kazi halisi, kisha nitengeneze mfumo wa kompyuta wa kumwambia meneja kila meza itoe ndoo ngapi. Darasani tulifundishwa kupima watu kadhaa, kwa siku kadhaa, mwepesi na mzito. Nilikwenda na saa ya kupimia shingoni na ubao wa karatasi kifuani. Meza ilikuwa na wanawake wawili. Wa pili anaitwa Mama Pacha, na ulimi wake una makali kuliko kisu chake.

"Mimi sipimwi," alisema. "Mimi si kitambaa. Kapime mashine, haina watoto."

"Ni ya chuo tu, Mama Pacha."

"Hata mchimba kaburi anapima tu."

Baadaye nilikuja kujua kwamba kiwandani kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: mwenye saa akiingia, mkono unalala. Namba itakayopatikana leo ndiyo utakayodaiwa kesho, kwa hiyo unaipika mapema. Shangazi ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wengi sheria hiyo. Lakini asubuhi ile alipangusa viganja kwenye aproni, akavuta kiti mbele.

"Nipime mimi, mwanangu. Pima mpaka uchoke wewe."

Sekunde kumi na moja. Kumi na moja tena. Ndoo sitini mfululizo. Mama Pacha alimtazama kwa pembeni, akasonya, akaendelea na zake. Mimi nilitazama namba zilivyonyooka kwenye karatasi nikafurahi. Sikumpima mtu mwingine, wala sikurudi siku nyingine. Kwenye ripoti niliandika "mfanyakazi mzoefu, kasi ya kawaida", nikaongeza asilimia kumi na tano ya uchovu kama tulivyofundishwa, ikawa kumi na tatu kasoro kidogo. Nikaandika kumi na tatu.

Mfumo ulifanya kazi. Meneja aliupenda kabla chuo hakijausahihisha. Alitundika skrini juu ya meza ya vishikio: kijani ukienda na kasi, nyekundu ukichelewa.

Miezi mitatu ikapita. Jumapili moja mchana nilikwenda kumsalimia shangazi, akanimiminia chai. Alilishika birika kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Gumba la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa, na juu ya kitambaa ngozi iling'aa kwa uvimbe.

"Gumba limefanya nini?"

"Limezeeka. Tulizaliwa siku moja, mimi na lenyewe."

"Shangazi."

Aliweka birika chini. "Skrini inataka sekunde kumi na tatu kwa ndoo. Mimi natumia ishirini. Nikijikaza, kumi na nane. Meneja ametupa mpaka Ijumaa. Asiyeifikia, kiti chake kinatolewa."

"Lakini ulitumia kumi na moja. Niliona kwa macho yangu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wee msichana, uliona nini? Nilikuwa nakimbia! Mtoto wa kaka yangu amesimama mbele ya kiwanda kizima na saa shingoni, mimi nizubae kama kuku wa mvua? Siku tatu baadaye ngumi ilikuwa haifungi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nikuharibie maksi?"

Nilisubiri uchungu uje. Haukuja. Nilihesabu vikombe vilivyokuwa mezani. Vilikuwa vinne, kimoja hakina mkono.

Jumatatu nilimfuata meneja ofisini kwake. Alinisikiliza huku akipanga kalamu zake kwa urefu.

"Injinia, namba ni yako," alisema. "Mimi nimeipokea ikiwa na jina la chuo juu yake. Chuo kikiandika kwamba haifai, naishusha siku hiyo hiyo. Maneno ya mdomo nitayapeleka wapi?"

Jopo la chuo lilikuwa linakaa Alhamisi. Nilikwenda kwa mwalimu wangu, yule tunayemwita Desimali kwa sababu hata umri wake anautaja kwa nukta. Aliponisikiliza, alifunga mlango.

"Binti, huu ndio mradi bora nilionao mwaka huu. Ukikaa kimya, hakuna atakayeuliza. Ukisema, unaanza upya. Mwaka mzima, na siwezi kukuokoa."

"Sawa, mwalimu."

"Sawa ipi?"

Sikuwa najua. Siku mbili zilizofuata nilikula, nikaoga, nikapiga pasi blauzi. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, anaguswa shavu na anajua anaguswa, basi.

Alhamisi walikaa watatu nyuma ya meza ndefu. Nilionyesha michoro, nikaonyesha mfumo unavyopokea agizo la mteja na kuligawa meza kwa meza. Waliitikia kwa vichwa. Mmoja aliuliza kwa nini nimetumia rangi ya kijani, mwingine akasifu majedwali. Mwenyekiti wa jopo, mama mwenye sauti ndogo, alifunga faili.

"Kuna swali lingine? Basi, hongera..."

"Kuna kosa ukurasa wa ishirini na mbili," nilisema.

Sauti ilikuwa ya mtu anayeita majina ya mahudhurio. Walirudi kwenye ukurasa wa ishirini na mbili.

"Nilimpima mtu mmoja, asubuhi moja. Ni shangazi yangu. Alikuwa anakimbia ili nifaulu. Namba hiyo si ya kweli, na kiwanda kinaitumia. Kesho mtu atatolewa kazini kwa sababu ya namba hiyo. Naomba muandike kwamba haifai."

Desimali alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Unaelewa unachoomba?" mwenyekiti aliuliza.

"Naelewa."

Walinitoa nje. Ukutani kulikuwa na tangazo la mashindano ya mpira wa wavu yaliyokwisha mwaka jana. Nililisoma lote. Waliponiita ndani walinipa barua mbili. Ya kiwanda ilikuwa na mistari mitatu na muhuri. Yangu ilikuwa na mmoja: mradi urudiwe mwaka ujao.

Ijumaa asubuhi meneja aliisoma barua mara mbili. Akatoka, akapanda juu ya kiti, akachomoa waya wa skrini kwa mkono wake mwenyewe.

"Wiki mbili," aliniambia akishuka. "Niletee namba nyingine. Siwezi kuendesha kiwanda kwa kukisia."

"Na hawa?"

"Hawa wanabaki."

Shangazi hakuinua kichwa. Alisubiri meneja aondoke.

"Wamekupa hiyo digrii?"

"Narudia mwaka."

Gumba lilisukuma waya, likakwama, likasukuma tena. "Kwa ajili ya gumba langu."

"Kwa ajili ya saa yangu."

"Injinia wa ndoo karudi," Mama Pacha alidakia. "Haya, leo kitambaa nipo. Nipime. Lakini nakwambia mapema, nitakwenda kama konokono."

"Nitawapima wote wawili."

Nilivaa saa shingoni. Nilipoibonyeza tu, mgongo wa shangazi ulinyooka, mkono ukaanza kukimbia. Kumi na tisa. Kumi na saba. Kumi na sita.

"Shangazi, polepole."

"Ndiyo polepole hii."

Kumi na tano. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, macho kwenye saa yangu, si kwenye ndoo. Nilimwangalia, nikaelewa kwamba hatajizuia. Nilivua saa, nikaitia kwenye mkoba, nikavuta zipu. Nikahamisha kiti changu mpaka nyuma ya rundo la ndoo, mahali ambapo hanioni, nikakaa hapo mpaka kengele ya kumaliza zamu. Kisha nikahesabu ndoo zake, halafu za Mama Pacha, nikaandika. Kesho nitahesabu tena, na kesho kutwa.

Shangazi alikuwa anafunga upya kitambaa cha gumba kwa meno.

"Nimefikisha ngapi?"

Nikamwambia.

"Chache," alisema.

"Zitabeba maji ya kutosha," Mama Pacha akamjibu, akamshika ncha ya kitambaa, akamsaidia kukaza fundo.